Sura ya Sita: Panga kwa Mvua, Usipange kwa Tarehe

Wanavuka lini? Kila anayeanza kupanga safari ya kuwaona nyumbu wa Serengeti huuliza hilo kabla ya mengine yote. Tangu utotoni ameona picha ile ile kwenye kalenda ya ukutani na kwenye televisheni: nyumbu wanajitupa Mto Mara kwa maelfu, mamba wanawasubiri, vumbi limefunika ukingo mzima. Anaamini kuna siku maalumu ya tukio hilo, na kwamba akiikosa siku hiyo amekosa kila kitu.

Imani hiyo imewapotezea watu fedha na likizo. Wapo wanaofika mtoni Februari wakakuta maji yanapita na viboko wamelala, basi. Wapo wanaofika Ndutu, kusini, mwezi Agosti wakakuta vumbi na upepo. Nyumbu wapo, tena zaidi ya milioni moja, ila wako zaidi ya kilomita 150 kutoka hapo, upande wa pili wa hifadhi.

Katika sura hii nataka kukusaidia uipange safari hiyo vizuri, uwe unatokea Mwanza, Dar es Salaam, Arusha au Nairobi. Hoja yangu ni moja. Uhamaji wa nyumbu hauna siku ya kuanza wala siku ya kumalizika. Unaendelea mwaka mzima, na mvua ndiyo inayouongoza. Anayepanga vizuri huanza kwa kuielewa mvua, kisha huchagua hatua moja ya mzunguko inayolingana na likizo yake na mfuko wake, halafu huipa hatua hiyo siku za kutosha.

Nyasi za kusini, maji ya kaskazini

Tandaza ramani ya kaskazini mwa Tanzania. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ina ukubwa wa kilomita za mraba 14,763. Kusini-mashariki inapakana na Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, kaskazini inapakana na Hifadhi ya Maasai Mara nchini Kenya, na magharibi inajinyoosha kwa ukanda mwembamba hadi karibu na Ziwa Victoria. Nyumbu hawana habari na mipaka hiyo. Maisha yao yako kati ya ncha mbili: kusini kwenye nyasi bora lakini pasipo na maji ya kudumu, na kaskazini kwenye maji ya kudumu lakini nyasi zake ni hafifu.

Ubora wa nyasi za kusini umetokana na volkano. Milima ya nyanda za juu za Ngorongoro, pamoja na Ol Doinyo Lengai ambao hadi leo uko hai na ulitema majivu mengi mwaka 2007, imekuwa ikimwaga majivu juu ya tambarare hizi tangu zamani za kale. Udongo uliotokana na majivu hayo una kalsiamu na fosforasi kwa wingi. Nyumbu jike anayenyonyesha anayahitaji madini hayo kwa ajili ya maziwa, na ndama anayahitaji kwa ajili ya mifupa. Chini kidogo ya udongo huo kuna tabaka gumu ambalo mizizi ya miti hailipenyi, ndiyo maana unaona nyasi fupi hadi upeo wa macho. Kwa mama mwenye mtoto huo ni usalama, maana adui humwona angali mbali.

Tatizo ni kwamba kusini-mashariki hupata takriban milimita 500 tu za mvua kwa mwaka. Masika yakikatika, madimbwi hukauka, nyasi hunyauka, na maji yanayobaki katika maziwa ya Ndutu na Masek ni ya magadi. Kaskazini mvua huzidi milimita 1,000 kwa mwaka. Huko kuna Mto Mara, unaoanzia Msitu wa Mau nchini Kenya na kuingia Ziwa Victoria upande wa Tanzania, na ambao huendelea kutiririka hata kiangazi. Nyumbu akikaa kusini mwaka mzima atakufa kwa kiu. Akikaa kaskazini mwaka mzima atanyonyesha kwa shida. Kwa hiyo anatembea.

Haendi peke yake. Inakadiriwa kuwa kuna nyumbu wapatao milioni 1.3, pundamilia wapatao laki mbili na swala tomi laki kadhaa. Mara nyingi pundamilia hutangulia, kwa kuwa meno na tumbo lake vinaweza kumudu majani marefu yenye mabua. Nyumbu hufuata akila majani mafupi, na swala tomi huja nyuma akichagua machipukizi. Ukiona pundamilia wengi wakielekea upande mmoja, mwambie dereva atazame walikotoka.

Sotoka ilipoondoka

Wingi huu tunaouona si wa tangu milele. Miaka ya 1890 sotoka, ugonjwa wa ng'ombe ulioletwa kutoka nje ya Afrika, ilipita katika nchi hizi. Wafugaji walipoteza ng'ombe wao na njaa ikaua watu. Nyumbu na nyati nao walikufa kwa wingi. Kwa miongo mingi baadaye ugonjwa huo uliendelea kurudi na kuua ndama wa nyumbu kabla hawajafikisha mwaka.

Mwaka 1958 Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliwahesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani, wakiwa na ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia. Hesabu yao ya nyumbu haikufika laki moja. Michael alifariki katika ajali ya ndege hiyo Januari 1959, na filamu yao kuhusu Serengeti ikapata tuzo ya Oscar. Hesabu za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zilikuwa za uhakika zaidi na zilionyesha nyumbu wapatao robo milioni.

Halafu yakatokea mabadiliko makubwa. Ng'ombe wa wafugaji waliozunguka hifadhi walichanjwa, na sotoka ikakosa pa kujificha hata kwa wanyamapori. Kufikia mwaka 1977 nyumbu walikuwa wamefika takriban milioni 1.3. Mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba sotoka imetokomezwa kabisa. Mfugaji aliyekubali kumpeleka ng'ombe wake kwenye chanjo alikuwa, kwa tendo hilo hilo, akiwaponya nyumbu. Na nyumbu walipoongezeka walikula nyasi nyingi zaidi, moto wa nyika ukapungua kwa kukosa cha kuchoma, na miti ikaota tena mahali ilipokuwa imetoweka. Hiyo ndiyo Serengeti utakayoikuta.

Mwaka wa nyumbu

Miezi ninayoitaja hapa ni ya kawaida. Mvua ikiwahi au ikichelewa, nyumbu nao huwahi au huchelewa, na tofauti ya wiki mbili au tatu si ajabu.

Desemba hadi Machi wako kusini. Mvua za vuli zikishika, makundi huteremka kwenye tambarare za Ndutu, Naabi, Kusini na Maswa. Februari ndiyo kilele cha kuzaa. Takriban asilimia 80 ya ndama huzaliwa ndani ya wiki tatu hivi, na kwa msimu mmoja huzaliwa ndama wanaokaribia nusu milioni. Ndama husimama dakika chache baada ya kuanguka chini na baada ya muda mfupi anakimbia ubavuni mwa mama yake. Simba, fisi, duma na mbweha wote wako hapo. Lakini watoto ni wengi mno kwa mara moja kiasi kwamba wawindaji hushiba huku wengi wakinusurika. Kuzaa pamoja ndiyo ngao yao.

Aprili na Mei ni masika. Makundi huanza kuondoka kusini kwa mistari mirefu, yakipita maeneo ya Moru na Seronera kuelekea magharibi na kaskazini. Mei kuelekea Juni ni msimu wa kupandana: madume hupigania majike huku wakitembea, na sauti zao za kukoroma husikika usiku kucha. Mimba hukaa takriban miezi minane. Piga hesabu na utaona kwa nini ndama wote huja Februari.

Juni sehemu kubwa ya makundi huwa katika Ukanda wa Magharibi, kandokando ya Mto Grumeti. Mto huu si mpana kama Mara, na mwaka wenye mvua kidogo hubaki mabwawa tu, lakini mamba wake ni wakubwa sana. Mengine hupita katikati moja kwa moja kwenda kaskazini.

Julai hadi Oktoba ni zamu ya kaskazini: Kogatende na Lamai upande wa Tanzania, na Maasai Mara upande wa Kenya. Hapa ndipo kwenye kuvuka Mto Mara. Wengi hawajui kwamba nyumbu hawavuki mara moja. Kundi linaweza kuvuka leo na kurudi kesho kutwa kwa sababu mvua imenyesha ng'ambo ya pili, kwa hiyo watu wanaokaa Kogatende Septemba wanaweza kuona makundi yakienda na makundi yakirudi katika wiki moja.

Novemba mvua za vuli zinapoanza, makundi hugeuza kupitia Lobo na upande wa mashariki kurudi kusini. Mzunguko umetimia na mwingine umeanza.

Kumbuka pia kwamba si kila mnyama huhama. Simba ana eneo lake na hulilinda hata nyumbu wakiondoka, ijapokuwa atalala njaa. Fisi hufanya tofauti: huacha watoto kwenye pango na kusafiri makumi ya kilomita kuyafuata makundi, kisha hurudi kunyonyesha. Bonde la Seronera, katikati ya hifadhi, lina simba, chui, tembo na viboko mwaka mzima. Ukikaa Seronera usiku mmoja kabla ya kuwafuata nyumbu, hutarudi nyumbani mikono mitupu.

Anza na kalenda ya nyumbani

Vitabu vingi vya wageni huanza na nyumbu na kumtaka msafiri ajipange. Mimi nakushauri uanze na likizo yako, maana familia nyingi za hapa kwetu husafiri watoto wanapofunga shule.

Likizo ya Juni ya shule za Tanzania huangukia wakati ambao nyumbu wako Ukanda wa Magharibi, na ukanda huo ndio ulio karibu zaidi na barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Kwa familia ya Mwanza, Simiyu, Mara, Geita au Shinyanga hii ni bahati kubwa ambayo wachache huitumia. Masika yameisha, vumbi halijawa kali, na umati wa wageni wa Julai na Agosti haujafika.

Likizo ya Agosti ya shule za Kenya inalingana na nyumbu wakiwa Maasai Mara. Mtanzania naye anaweza kutumia siku za Saba Saba au Nane Nane, akiongeza siku chache za likizo yake ya kazini, kwenda Kogatende.

Likizo ya Desemba huwakuta nyumbu wakirudi kusini. Mvua ikiwa imeshika vizuri, tambarare za Naabi na Ndutu hugeuka kijani na kujaa wanyama. Mvua ikichelewa, utalazimika kuwatafuta Seronera au Lobo, kwa hiyo ulizia kwanza.

Asiyefungwa na ratiba ya shule achague Februari. Mimi nikitakiwa kuchagua mwezi mmoja wa mwaka mzima, nachagua huo. Kuvuka mto ni tukio la dakika chache ambalo unaweza kulisubiri siku tatu usilione. Ndama wa Februari wako mbele yako asubuhi, mchana na jioni, na mtoto wa miaka minane atakayemwona kiumbe akizaliwa, akisimama na kukimbia ndani ya muda wa kunywa chai hatamsahau maisha yake yote.

Ukishachagua mwezi, toa siku. Usiku mmoja hautoshi, maana siku ya kwanza huisha barabarani na ya mwisho pia. Usiku tatu ndani ya hifadhi ni kiwango cha chini, na kwa kuvuka Mto Mara jitahidi upate nne au tano.

Barabara na malango

Kutoka Arusha, njia inayotumiwa zaidi hupita Makuyuni, Mto wa Mbu na Karatu hadi Lango la Lodoare, hupanda ukingo wa kreta ya Ngorongoro, huteremka kwenye tambarare na kuingia Serengeti kwa Lango la Naabi. Kutoka Arusha hadi Seronera ni zaidi ya kilomita 300. Lami huishia Lodoare. Kuanzia hapo ni changarawe yenye makorongo madogo yanayotikisa gari kwa saa nyingi. Njia hii inafaa kwa Ndutu na Naabi, miezi ya Desemba hadi Machi.

Kutoka Mwanza, unafuata barabara kuu ya Musoma hadi Lango la Ndabaka, karibu na Lamadi, kisha unaingia Ukanda wa Magharibi kupitia Kirawira. Hii ndiyo njia ya Juni. Ina faida nyingine: haipiti Ngorongoro, kwa hiyo hulipi kiingilio cha huko.

Kutoka Bunda au Mugumu unaweza kuingia kwa Lango la Ikoma, ambalo linakufikisha Seronera upesi na linafaa kwa anayetaka kuendelea kaskazini. Kuna pia mabasi ya abiria kati ya Arusha na Musoma yanayokatiza hifadhi. Basi litakuonyesha nchi ilivyo, lakini halitasimama kwa ajili ya ndama. Usilitegemee kwa safari hii.

Upande wa Kenya, msafiri wa Nairobi hupita Narok na kuingia Mara kwa Lango la Sekenani au Talek. Usipange kuvuka kwa gari kutoka Mara kuingia Serengeti ndani kwa ndani. Hakuna kituo cha mpakani kinachowapitisha wageni huko. Itakubidi uzunguke kwa Isebania na Sirari, au kwa Namanga.

Chagua gari la 4x4 lililoinuka juu kutoka ardhini. Kiangazi gari dogo linaweza kufika Seronera, lakini baada ya mvua udongo mweusi wa mfinyanzi hauchagui dereva hodari na asiye hodari. Kama unakodi, tafuta lenye paa la kufunguka na dereva mwongozaji anayezijua njia za sehemu unayokwenda. Muulize swali moja kabla ya kutoa malipo ya awali: wiki hii makundi yako wapi, nawe umelijuaje hilo? Mwongozaji mzuri atakutajia mahali kwa jina na atakueleza nani aliyetoka huko jana.

Fedha: gharama iko wapi

Watu wengi nchini hawajaenda Serengeti kwa sababu wanaamini ni mahali pa wenye dola. Kwa hoteli kubwa za ndani ya hifadhi, hiyo ni kweli. Kwa kiingilio, si kweli. Kwa miaka mingi raia wa Afrika Mashariki mtu mzima amekuwa akitozwa shilingi 10,000 kabla ya VAT kuingia Serengeti, wakati mgeni wa ng'ambo hulipa mara kadhaa zaidi ya hapo, tena kwa dola. Watoto wa kuanzia miaka 5 hadi 15 hulipa pungufu ya watu wazima, na walio chini ya miaka mitano hawalipi. Viwango hubadilishwa, kwa hiyo vithibitishe kwa Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) kabla ya kuondoka. Beba kitambulisho cha taifa au pasipoti, na kwa watoto nakala za vyeti vya kuzaliwa, maana bila uthibitisho wa uraia utahesabiwa kuwa mgeni. Usitegemee kulipa fedha taslimu langoni. Utapewa namba ya malipo na kulipa kwa simu au benki.

Jihadhari na jambo moja linalovuruga bajeti za wengi. Serengeti iko chini ya TANAPA, na Ngorongoro iko chini ya mamlaka yake yenyewe. Ukipita Ngorongoro kwenda Serengeti unalipia Ngorongoro hata kama hukusimama, na ukirudi kwa njia hiyo unalipa tena. Ndutu iko mpakani kabisa mwa maeneo haya mawili. Kibanda chako kinaweza kuwa upande mmoja na nyumbu upande wa pili. Uliza mapema malazi yako yako chini ya mamlaka ipi.

Gharama kubwa ya kweli ni gari na mafuta. Gari la watu sita likibeba wawili, kila mmoja hulipa mara tatu. Kwa hiyo tafuta wenzako: ndugu, wafanyakazi wenzako, wanakwaya, wanachama wa kikundi chenu cha kukopeshana. Kikundi kinachochangishana kila mwezi kwa ajili ya harusi za watu kinaweza kuchangishana mwaka mmoja kwa ajili ya safari hii. Kwa malazi, TANAPA ina kambi za umma za kuweka mahema na pia hosteli na nyumba za kupumzikia Seronera, ambazo bei zake haziwezi kulinganishwa na hoteli. Chakula pikeni wenyewe. Mchele, maharage na unga vinasafiri bila shida. Nje ya malango ya Ikoma na Ndabaka kuna vijiji na miji midogo yenye nyumba za wageni, kwa anayetaka kulala nje na kuingia alfajiri.

Adabu ya mtoni

Ukienda kaskazini kwa ajili ya kuvuka, jua unachokwenda kukiona. Utafiti uliofanywa katika Mto Mara umeonyesha kwamba kwa wastani nyumbu wapatao 6,250 huzama kila mwaka. Mamba huchukua wachache tu kati yao. Waliobaki ni chakula cha tumbusi na samaki, na mifupa yao huachia mto virutubisho kwa miaka. Mtayarishe mtoto kwa hilo. Kifo cha pale ni sehemu ya uhai wa mto.

Kundi likifika ukingoni huweza kusimama saa nzima, likasogea, likarudi, likaondoka. Mmoja akijitupa, wengine hufuata. Wakati huo wa kusitasita ndio gari lililokaa vibaya linapoharibu kila kitu: nyumbu wakiona njia ya kuteremkia imezibwa, hurudi nyuma au huteremkia mahali penye ukingo mkali na kuvunjika miguu. Mwaka 2025 video za wageni walioshuka kwenye magari na kusimama mbele ya nyumbu waliokuwa wakitaka kuvuka zilisambaa, na Watanzania wengi walikasirika, nami nikiwamo. Mwambie dereva wako waziwazi tangu asubuhi kwamba hutaki akaribie ukingo kabla ya wanyama wa kwanza kuingia majini. Madereva wengi huvunja sheria kwa kuhofia abiria watanung'unika. Abiria akisema ataridhika kuona kwa mbali, dereva hupumua.

Sheria nyingine ni rahisi: usiendeshe zaidi ya kilomita 50 kwa saa, usiache njia pasiporuhusiwa, usishuke kwenye gari ila mahali palipotengwa, usitembee usiku, usirushe droni. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania nzima tangu Juni 2019.

Mzigo

Beba darubini, hata moja ya kupokezana. Ina faida kuliko simu yenye kamera ya bei mbaya. Beba sweta na koti, maana ukingo wa Ngorongoro uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari na asubuhi ya Serengeti ina baridi inayomshangaza mtu wa pwani. Vaa nguo za rangi ya udongo. Nguo za buluu na nyeusi huwavuta mbung'o, ambao ni wengi kwenye misitu ya magharibi na kaskazini na wanauma kupita kwenye shati. Chukua dawa ya malaria kwa ushauri wa daktari, maji ya kutosha kwa siku mbili zaidi ya mpango, na tairi la akiba lililojazwa upepo.

Kinachoweza kuusimamisha uhamaji

Uhamaji huu unaweza kufa, na tumeshaona mfano. Nyumbu wa tambarare za Loita nchini Kenya, waliokuwa na mzunguko wao wenyewe kuingia Mara, walizidi laki moja katika miaka ya 1970. Ardhi ilipogawanywa na kuzungushiwa ua na mashamba, wakabaki sehemu ndogo tu ya idadi hiyo. Hakuna aliyekusudia kuwamaliza. Kila mtu alizungushia ua shamba lake.

Mwaka 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki, iliyoko Arusha, iliamua kwamba kujenga barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa Serengeti kungekiuka Mkataba wa Jumuiya. Uamuzi ule ulikuwa sahihi. Lakini bado kuna misitu ya Mau inayokatwa kwenye chanzo cha Mto Mara, kuna mitego ya waya inayotegwa kwa ajili ya kitoweo, na kuna vijiji vinavyobeba hasara ya mazao na mifugo inayoliwa bila kuona faida ya utalii. Mambo haya hayatatatuliwa na wageni wanaokaa usiku tatu na kurudi Ulaya. Yatatatuliwa na wananchi wanaopiga kura hapa, wanaohudhuria mikutano ya kijiji na kuwauliza wabunge maswali. Mwananchi aliyeiona Serengeti kwa macho yake atauliza swali tofauti na yule aliyeiona kwenye kalenda na televisheni.

Kwa hiyo panga. Chagua Juni kama uko kanda ya ziwa, Agosti kama uko Nairobi, Februari kama unaweza kuchagua. Tafuta watu watano wa kwenda nawe, anzeni kuweka akiba mwezi huu, na wiki mbili kabla ya kuondoka mpigie simu mtu aliye hifadhini umuulize mvua imenyesha wapi. Na nafasi moja kwenye gari mpeni mtoto.